Kuku Husikia Tena

Laare,
17 Februari 1996

Kwa Daktari Stephen Kivuti,
Maabara ya Mifugo, Embu.

Daktari,

Hunijui. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi hapa karibu na Laare. Juzi kwenye chumba cha walimu nilisoma gazetini kwamba kuku akipoteza kusikia, masikio yake hujitengeneza yenyewe na anasikia tena. Gazeti lilisema mmoja wa watu waliochunguza jambo hilo ng'ambo ni mtu wa Embu, na kwamba amerudi nyumbani. Niliirudia habari hiyo mpaka kengele ikalia na watoto wakaanza kupiga kelele darasani.

Nina binti mmoja, anaitwa Karimi. Ana miaka sita. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alidungwa sindano nyingi, akapona. Siku tuliyotoka hospitali nilimbeba mgongoni nikimwimbia, naye alikuwa kimya. Nikafikiri ni uchovu. Kesho yake baba yake, Mithika, aliangusha debe tupu nyuma yake juu ya saruji, na mtoto hakugeuka. Ndivyo tulivyojua.

Kabla ya hapo alikuwa anaongea kutwa. Sasa maneno yanamtoka moja baada ya jingine, na hayarudi. Hilo la "maziwa" lilipotea hapa karibuni. Ananivuta nguo tu, anaonyesha kikombe.

Naomba unijibu hili peke yake. Kinachorudi kwa kuku, kinaweza kurudi kwa mtoto?

Ni mimi,
Lorna Ntinyari (Mwalimu)


Embu,
25 Machi 1996

Mwalimu Ntinyari,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kideri kimeingia Mbeere na watu wanatuletea kuku waliokufa kwa magunia. Kazi yangu ya mchana ni hiyo. Ile ya masikio naifanya ninapopata nafasi, kama stima haijapotea.

Nimefikiria sana jinsi ya kukujibu. Nikueleze kwanza tunachokijua.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli ndogo sana zenye vinyweleo. Sauti ikifika, vinyweleo hutikisika, na hivyo ndivyo tunavyosikia. Ugonjwa kama ule wa Karimi unaweza kuziua seli hizo, na hata baadhi ya dawa zinazookoa maisha huziua. Usimlaumu mtu, Mwalimu. Bila hizo sindano hungekuwa na mtoto wa kuniandikia habari zake. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Kwa kuku huota. Ninachotaka kujua ni kwa nini.

Kila seli ina maagizo yanayoitwa jeni, maelfu kwa maelfu, lakini si yote yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Fikiria darasa lako. Watoto wote wako ndani, lakini wanaonyosha mkono ni wachache. Sisi tunapima ni jeni zipi zimenyosha mkono siku ya kwanza baada ya sikio la kuku kuharibika, na siku ya pili, na kuendelea hadi seli mpya zinapoota. Vipimo hivyo huja kama tarakimu, kurasa na kurasa, na hakuna jicho linaloweza kuzisoma. Mimi nazigeuza kuwa picha. Kila mstari ni jeni moja, kila safu ni siku moja. Nyekundu ni jeni iliyoamka, buluu ni iliyolala. Nimekuwekea moja niliyoichapisha Nairobi.

Siwezi kukutajia mwaka. Lakini tunakaribia kuelewa.

Wako,
S. Kivuti


Laare,
11 Agosti 1996

Daktari,

Asante. Asante sana. Ile picha niliibandika ukutani, upande wa kalenda. Wageni wanauliza ni kitambaa gani.

Nilimsomea Mithika barua yako alipotoka shambani kuvuna miraa. Alisikiliza huku akinawa miguu, akasema, "Hawa watu wa vitabu." Lakini nilipofika pale unaposema mnakaribia, aliacha kunawa. Mama yake naye alipopata habari alichinja jogoo, akachemsha kichwa kizima na kumnywesha Karimi mchuzi. Nilikasirika, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mtoto augue.

Sasa naamka na nguvu. Nimeanza kumsemea Karimi maneno tena, namshikisha koo langu asikie mtetemo, ili siku masikio yatakapofunguka asije akawa mgeni kwa sauti yangu. Unaniambia nini, niendelee hivyo? Kuna kitu kingine cha kumtayarisha?

Yeye ni mzima. Anapenda mbuzi kuliko watu. Anaendelea vizuri.

Wasalimie wako,
Ntinyari


Kianjokoma,
30 Novemba 1996

Mwalimu,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwetu. Baba yangu ni mgonjwa, na tunapokezana na dada zangu kukaa naye. Asubuhi niko hapa namgeuza kitandani, mchana niko Embu na kuku, jioni niko hapa tena. Wakati mwingine nasahau ninaenda upande gani.

Kazi ya masikio inasonga polepole. Kuna makundi matatu nchi za nje yanayopima jambo lile lile tunalopima sisi. Kila kundi lina tarakimu zake, na kila kundi limezifungia. Wale niliokuwa nao masomoni ng'ambo bado wananitumia disketi kwa posta ili niwachoree, lakini nimekatazwa kumwonyesha mtu mpaka makala yao yatoke. Nina hakika nusu ya yale tunayoyatafuta, mwingine ameyapata na kuyaweka kabatini. Inachosha, Mwalimu. Lakini haya si ya kukusumbua wewe.

Endelea kumsemea Karimi, hakuna ubaya. Mwambie avumilie. Yuko darasa la ngapi sasa? Walimu wake wanasemaje?

Wako,
Kivuti


Laare,
20 Aprili 1997

Daktari Kivuti,

Pole kwa mzee. Nilisikia kutoka kwa mwalimu mwenzetu aliyeolewa huko kwenu kwamba mmemzika. Usiku wa mwanadamu ni mrefu akimuuguza mzazi, najua.

Uliniuliza darasa la Karimi, na nikakaa na swali lako miezi hii yote. Nitakujibu sasa. Hayuko darasa lolote.

Kuna shule ya viziwi na tulipewa nafasi tangu mwaka juzi. Niliikataa. Walisema wanafundisha kwa mikono, na mimi nilimwona mwanamke mmoja sokoni akiongea kwa mikono na watu wakimcheka. Nikasema mtoto wangu asizoee hiyo, akizoea hatataka kuongea tena. Halafu barua yako ikaja. Nikaona nilifanya vizuri kungoja. Nimekuwa nikimwacha na nyanya yake nikienda kuwafundisha watoto wa wengine.

Mwezi uliopita waliniita tena kuhusu hiyo nafasi. Niliwaambia daktari wa Embu amesema tuvumilie, kwamba wako karibu.

Sasa anaelekea miaka minane, na Mithika ameanza kuniangalia vibaya. Nataka kumpa jibu. Ni Januari? Au ni mwaka wa elfu mbili? Hata kama ni elfu mbili nitangoja, lakini niambie.

Ntinyari


Embu,
5 Mei 1997

Mwalimu Ntinyari,

Barua yako ilinifikia jana, na leo sikwenda kazini.

Hakuna dawa. Si Januari, si elfu mbili. Hakuna mtu duniani leo anayejua kuotesha seli hizo ndani ya sikio la mtoto. Niliposema tunakaribia kuelewa nilimaanisha kuelewa kuku. Kutoka kuku hadi panya ni mbali, na kutoka panya hadi Karimi ni mbali zaidi. Huenda akawa nyanya mwenyewe kabla jambo hili halijafika hospitalini. Huenda lisifike.

Ningeliandika hivi tangu mwanzo, na sikuandika. Nilijua unataka neno la matumaini, na mimi mwenyewe nilikuwa nalitaka, kwa hiyo nikatafuta neno ambalo si uongo. Na "avumilie" niliiandika kama mtu anavyoandika salamu. Sikujua kuna mtoto aliyekaa nyumbani juu ya neno hilo.

Leo nilikwenda katika shule ya viziwi iliyo upande huu wetu. Sikujua niende wapi kwingine. Watoto walikuwa wametoka kula. Wawili walikuwa wanagombana juu ya mpira, kwa mikono, kwa hasira kabisa, na wa tatu akaingilia kati akasema kitu, wote watatu wakaanguka wakicheka. Sikuelewa hata neno moja. Nilisimama pale nikaona kwamba mimi ndiye niliyekuwa kiziwi.

Mwalimu wao aliniambia jambo ambalo nilipaswa kulijua. Mtoto akikosa lugha katika miaka hii, lugha yoyote, ya mdomo au ya mikono, baadaye ni shida sana kuipata. Hata masikio yakifunguka kesho yangekuta ndani hakuna kitu cha kupokea sauti.

Mpeleke. Usingoje Januari. Usiningoje mimi.

Nisamehe, ukiweza.

Stephen Kivuti


Laare,
14 Julai 1997

Kwa Kivuti,

Huyu anaandika ni Mithika, baba Karimi. Kiswahili yangu si ya shule sana lakini utaelewa.

Tangu barua yako ya mwezi wa tano ifike, bibi yangu hali vizuri. Anaenda shule, anarudi, anakaa. Ile karatasi ya rangi aliitoa kwa ukuta akaipasua, akawashia moto. Mtoto akilia yeye naye analia.

Mimi sikuwahi kuamini hiyo kuku yako. Mimi nauza miraa, najua mtu akikwambia mzigo uko karibu, mzigo bado haujakatwa. Lakini nilimwacha aamini kwa sababu alikuwa anacheka tena. Kwa hivyo mimi pia niko na makosa, si wewe peke yako.

Usimwandikie kwa sasa. Mwache apumzike.

Mimi uniandikie kitu moja tu. Hiyo shule uliona watoto wakicheka, wanachukua mtoto wa miaka saba? Inakaa wapi, na mtu akitoka Meru anashuka wapi?

M. Mithika


Embu,
21 Julai 1997

Ndugu Mithika,

Wanachukua. Nimeongea na mwalimu mkuu, na jina la Karimi limeandikwa. Shuka Embu stendi, uulize maabara ya mifugo, kila mtu anaijua kwa harufu yake. Nitawapeleka mwenyewe.

Sitamwandikia mama yake mpaka yeye aniandikie.

S. Kivuti


Laare,
22 Februari 1998

Daktari,

Ni mimi. Imepita muda.

Nilikataa hata baada ya Mithika kupata majibu yako. Nikasema tungoje shule zifunguliwe Septemba, halafu Septemba nikasema mtoto ana kikohozi. Oktoba tukagoma sisi walimu. Halafu ikaja ile mvua kubwa isiyokatika, na unajua ilivyokuwa. Barabara ya kwenda Meru ilikatika, miraa ikaozea mashambani, na shimo la choo chetu likaporomoka. Tulikaa ndani siku nyingi, mimi na Karimi, tukiangalia maji. Alikuwa ananishika uso kwa mikono miwili na kunitazama mdomo, kisha ananiachilia. Ananishika tena. Anataka kitu, mimi simpi. Niliona kwamba mtoto wangu yuko peke yake ndani ya chumba kimoja na mimi.

Januari Mithika alipomfungia sanduku, sikumzuia. Ameniambia uliwangoja stendi na kwamba ulimbebea Karimi godoro. Nimeambiwa pia alipoliona koti lako jeupe alijificha nyuma ya baba yake akidhani ni sindano, ukalivua ukalitupa ndani ya gari. Asante kwa hilo.

Nilikuchukia, Daktari. Nataka ujue hivyo, kisha tuendelee. Nimezisoma barua zako tena zote na sikupata uongo mahali popote, na hilo liliniudhi zaidi.

Lakini kuna jambo moja limenikaa. Uliandika kwamba makundi ni matatu na kila moja limefungia tarakimu zake kabatini, ukasema hayo si ya kunisumbua. Kwa nini yasinisumbue? Ni masikio ya nani wanayoyafungia? Mimi ningekuwa na watoto darasani ambao kila mmoja anaficha sehemu moja ya hesabu, ningewachapa wote. Na wewe ambaye unachora picha nzuri hivyo, nani mwingine ameziona zaidi yangu? Mimi, mwalimu wa darasa la kwanza. Na ile uliyonitumia niliipasua.

Najua huwezi kumponya Karimi. Sikuulizi hilo tena. Nakuuliza kama unangoja, kama mimi nilivyokuwa nangoja.

Ntinyari


Embu,
28 Juni 1998

Mwalimu,

Swali lako nilitembea nalo muda mrefu, kisha nikamwandikia profesa wangu wa zamani. Nilimwomba tukusanye tarakimu za makundi yote tuziweke mahali pamoja, kila mtu azione. Alinijibu mistari miwili. Alisema si wakati.

Basi nikatazama disketi zangu. Zile alizonitumia yeye ni zake, sikuzigusa. Lakini kuna vipimo nilivyovifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi kule, na hivyo makubaliano ya chuo yaliniachia niwe na haki navyo. Nilikuwa nimevikalia, nikisema vikamilike kwanza. Nilivichora upya, safari hii kwa uangalifu, kila mstari na jina la jeni yake, kila safu na siku yake, na mahali nilipokosea kupima nikapaacha peupe ili mtu asidanganyike. Nikaenda Nairobi kwa rafiki aliye na intaneti ofisini kwake. Stima ilipotea, ikarudi, ikapotea. Mwishowe vikaenda. Sasa mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuvitazama na kuvichukua, hata yule asiyenipenda.

Profesa ameacha kunitumia disketi. Hakugomba, ameacha tu. Jina langu halitakuwa katika makala yao. Sasa mimi ni daktari wa kuku wagonjwa na basi, na nikiwa mkweli kuna asubuhi inaniuma sana.

Wiki iliyopita nilipata barua kutoka kwa mwanamke mmoja wa kundi jingine, hatujuani. Wamekuwa wakiifuatilia jeni fulani kwa miaka, wakiamini ndiyo inayoamsha seli. Alipotazama picha yangu akaona mstari wake, buluu tangu mwanzo hadi mwisho. Imelala. Walikuwa wanabisha mlango usio na mtu. Anasema alikaa akalia, kisha akaanza kutafuta kwingine. Naye ameamua kuweka zake wazi.

Hayo ndiyo matunda yote, Mwalimu. Mtu mmoja amejua pasipo na kitu. Nisingetaka uyaone makubwa kuliko yalivyo.

Karimi nilimwona Jumapili. Amenenepa. Walimu wanasema ni mbishi.

S. Kivuti


Laare,
13 Desemba 1998

Daktari Kivuti,

Nimelisoma la yule mwanamke na mstari wake wa buluu. Nilimhurumia kama dada. Ukimwandikia, mwambie kuna mtu Laare anamjua.

Karimi yuko nyumbani kwa likizo. Nikwambie ukweli, nimechoka. Anaongea kutwa, mikono haitulii hata kwenye chakula. Anagombana na nyanya yake, anamsengenya baba yake mbele yake, maana Mithika amejifunza ishara za mbuzi na miraa tu na hajui anasemwa. Mimi naelewa kidogo, si vya kutosha.

Juzi alinishika mkono tukiwa tunachambua maharagwe, akaniuliza jambo. Sikuelewa. Akarudia, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto. Sikuelewa bado. Akakasirika, akaingia ndani. Nikamchukua, tukaenda sokoni kwa Ciku, fundi wa nguo. Ciku ni kiziwi. Ndiye yule niliyemwona zamani watu wakimcheka. Sikuwahi kumsalimia.

Karimi akamwambia. Ciku aliniangalia, akachukua chaki ya kukatia vitambaa, akaandika juu ya meza: "Anauliza, alikosa nini wakati ule mkawa mnamwacha nyumbani."

Wateja walikuwa nyuma yangu, Daktari. Nikachukua chaki nikaandika, "Hakukosa kitu. Mimi nilikuwa nangoja." Ciku akasoma. Akataka kumwambia, nikamzuia mkono. Nikamwomba anifundishe mimi niseme.

Akanionyesha. Nikajaribu mbele ya mtoto. Nafikiri nilisema kitu kingine kabisa, kwa sababu Ciku alijifunika mdomo na Karimi akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akanishika vidole, kimoja kimoja, akavipanga vinavyotakiwa, kama ninavyowafanyia watoto wangu wa darasa la kwanza wanaposhika penseli vibaya. Akarudi nyuma hatua kidogo, akangoja niseme tena.

Ntinyari